Mdoli Hasikii Baridi

Ukikaa geto moja na wenzako watatu, huwezi kushona gauni la mdoli kwa siri. Swali la kwanza huwa ni lilelile: "Wewe si unasoma uhasibu?" La pili huja mwezi Juni, Mbeya ikishikwa na ile baridi ya kuvaa soksi mbili: "Kwani mdoli anasikia baridi?" Watu wanacheka, na mimi nacheka. Hasikii. Ila lile swali la kwanza lina jibu refu kidogo. Ndiyo, nasoma uhasibu, na sijawahi kukutana na bidhaa inayofundisha hesabu za gharama vizuri kuliko gauni lenye urefu wa kiganja.

Kazi yenyewe ni ya mama yangu, Iringa, mtaa wa Kihesa. Mimi ni msaidizi tu. Likizo nakata na kushona naye, muhula ukifunguliwa napanda basi la Mbeya na mfuko wa vipande, nashona nikipata nafasi. Kwa miaka mingi mama alifuma masweta ya shule kwa mashine ya mkono, ile ya kusukuma kushoto na kulia. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini sweta si pambo. Mtoto wa Mafinga au Makambako anayetoka nyumbani alfajiri ya Julai analihitaji kama anavyohitaji viatu. Halafu shule iliyokuwa ikimpa oda kubwa ikahamia kwa mfanyabiashara anayeleta masweta ya kiwandani. Oda ikakatika, mashine ikafunikwa kanga.

Mdogo wangu, yuko darasa la tatu, alikuwa na mdoli mmoja wa plastiki aliyekuja na kigauni kimoja chepesi. Kilichanika wiki hiyohiyo. Mama akachukua soksi iliyopoteza mwenzake, akaikata, akashona. Wiki iliyofuata majirani watatu walikuwa wanauliza bei.

Mama mwenyewe hakukua na midoli wa dukani. Kijijini kwao Mufindi mdoli lilikuwa gunzi la hindi, nywele ni ndevu za mahindi, nguo ni kipande cha kanga kilichozungushwa na kufungwa fundo. Gunzi ni rahisi kulivisha kwa sababu halina mabega. Mdoli wa plastiki ana mabega, mikono, kiuno na shingo, kwa hiyo anataka fundi.

Na fundi huyo anahitaji kitambaa cha kuvutika. Kitenge ni nyuzi zilizopishana, moja inakwenda huku na nyingine kule, hakivutiki sana. Fulana na soksi zimefumwa kwa vitanzi vilivyoshikana, ndiyo maana ukivuta vinaachia na ukiacha vinarudi. Kwa mdoli hilo ni jambo kubwa. Nguo ya kitenge itadai zipu au vifungo mgongoni, na hakuna kifungo kinachompendeza mtu mwenye mgongo wa sentimita tano. Gauni la fulana unampandishia kuanzia miguuni, linapanuka kwenye nyonga na kurudi kiunoni. Vidole vya plastiki vikinasa kwenye mkono wa nguo, unamfunika kiganja kwa kipande cha mfuko wa nailoni, mkono unateleza.

Sasa hapa ndipo hesabu inapoanza. Mdoli wa sentimita 29 ni kama mtu wa sentimita 174 aliyegawanywa kwa sita. Umepunguza urefu, umepunguza kifua, umepunguza mkono. Kitambaa je? Kitambaa hakina habari kwamba mwili umepungua. Fulana yenye unene wa milimita moja ikiwa juu ya mdoli ni sawa na wewe kuvaa kitu cha milimita sita, yaani unakwenda kwenye lekcha umejifunga blanketi. Ndiyo maana sweta zima la mtu mzima halifai, hata liwe zuri vipi. Mama anatafuta fulana iliyofuliwa mpaka ikalegea, au soksi nyembamba. Kila mshono anaoweza kuukwepa anaukwepa, maana mahali pa mshono unene unaongezeka mara mbili.

Kuna ujanja. Unakata gauni kuanzia chini ya fulana, ili pindo la kiwandani liwe pindo la gauni. Mdomo wa soksi, ule wenye mistari unaobana mguu, unakuwa kola ya sweta au kiuno cha sketi. Mkono wa nguo unaungwa begani kitambaa kikiwa bado kimelala wazi, ndipo unafunga ubavu na mkono kwa mshono mmoja, kwa sababu ukishafunga ubavu hakuna kidole cha binadamu kinachoweza kuingia humo kuunga mkono. Cherehani yetu ya miguu inashona mstari ulionyooka tu. Kitambaa cha fulana kinapenda kuzama kwenye tundu la sindano, kwa hiyo chini yake tunatandika karatasi ya daftari, tunashona juu yake, kisha tunaichana. Na unavyoshona unakivuta kidogo sana, ili uzi usikatike mtoto akianza kumvalisha mdoli kwa fujo zake.

Ukihesabu hatua, ni zilezile za nguo ya mtu mzima: kukata mbele, kukata nyuma, mikono miwili, kuunga mabega, kuunga mikono, kufunga ubavu, kumaliza shingo. Nguo imegawanywa kwa sita, hatua hazijagawanywa kwa chochote. Muda nao ni kama unene wa kitambaa, haupungui kwa kuwa kitu ni kidogo. Wakati mwingine unaongezeka, maana ukikosea milimita tatu kwenye nguo ya mtu hakuna atakayejua, ila kwenye mkono wa mdoli milimita tatu ni ajali.

Kinachopungua ni bei peke yake.

Mwaka jana mama alipeleka sampuli kwenye duka moja la vifaa vya watoto. Nilikuwepo. Mwenye duka alitupokea vizuri, "Kamwene mama, karibuni," akavigeuzageuza vile vigauni, akavisifia. Halafu akasema, "Mama, hiki si kipande kidogo tu? Mia tano kila kimoja, niletee hata mia." Hakuwa na dharau. Alikuwa anapima bei kwa macho, kama tunavyopima nyanya sokoni: fungu dogo, bei ndogo.

Mama alikuwa tayari kukubali. "Mia tano si sifuri," aliniambia njiani, na kwa mtu ambaye mashine yake imefunikwa kanga hiyo si hoja ya kuchezea. Mdogo wangu alikuwa anadaiwa mchango wa shule, na mimi boom lilikuwa bado halijaingia. Usiku ule nikachukua daftari.

Fulana ya mtumba ya shilingi 1,000 kutoka Mwanjelwa inatoa vipande vinane, kwa hiyo kitambaa ni shilingi 125 kwa kipande. Uzi na mpira, weka 25. Jumla 150. Gauni moja, kuanzia kukata mpaka kukatia nyuzi, dakika 50. Nilimpima kwa saa ya simu mara tano bila kumwambia. Dukani ni 500. Toa 150, zinabaki 350 kwa dakika 50, yaani shilingi 420 kwa saa. Kwa lugha ya geto, mama atashona saa saba na ushee ndipo apate chipsi mayai ya elfu tatu.

Hapo mtu wa uchumi ataniuliza: kama saa zile hana kazi nyingine, 420 si bora kuliko sifuri? Ni swali zuri na mama alikuwa amelijibu kwa "ndiyo" kabla yangu. Lakini majirani walikuwa wananunua kwa 1,000. Siku gauni lilelile litakapoonekana dukani kwa bei inayoanzia mia tano, hakuna jirani atakayetoa elfu tena. Ile oda ya magauni mia ingekuwa imepanga bei ya kila gauni atakaloshona baadaye. Tena ni magauni ya kushona usiku, uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, na macho ya mama yana miaka yake.

Nilipomsomea zile hesabu alikaa kimya, halafu akasema kitu ambacho hakimo kwenye noti zangu: "Baba, ningekuwa nimekaa barabarani chini ya mwamvuli wa M-Pesa, kuna mtu angeuliza kama muda wangu una bei? Kwa kuwa niko nyumbani, na sufuria iko jikoni, wanaona nashona huku nimepumzika."

Nimeitafakari sana kauli hiyo. Udogo wa nguo ni sababu ya kwanza ya bei kushuka. Sababu ya pili ni mahali. Na si Kihesa peke yake. Barbie, mdoli maarufu kuliko wote duniani, alitolewa na kampuni ya Mattel ya Marekani mwaka 1959, kimo chake kama sentimita 29, amevaa nguo ya kuogelea ya kitambaa cha kuvutika yenye mistari myeusi na myeupe. Dunia inalijua jina la Ruth Handler aliyembuni. Wanaofuatilia mitindo wanamjua Charlotte Johnson aliyembunia nguo za mwanzo. Lakini nguo zenyewe zilishonwa Japani, na sehemu kubwa ya mikono iliyozishona ilikuwa ya wanawake waliofanya kazi hiyo wakiwa majumbani mwao. Majina yao hatuyajui. Mkono wa nguo wa mdoli ulikuwa mgumu kwao kama ulivyo kwa mama.

Iringa hiyohiyo kuna mahali ambapo kazi ya mikono inauzwa kama kazi. Neema Crafts ilianzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ikaanza na vijana wachache viziwi waliotengeneza karatasi, hata kwa kinyesi cha tembo. Baadaye watu wenye ulemavu wa aina mbalimbali wakawa wanafuma, wanashona, na wanahudumia mgahawani, ambako mteja asiyejua lugha ya alama anaandika anachotaka. Tulipita siku moja, kuangalia tu. Tukiwa tunarudi mama akasema, "Pale ukiingia, kabla hujashika kitu, unajua kuna mtu alikaa akakifanya."

Jibu kwa mwenye duka lilitoka hapo, na lilikuwa la adabu: mama alimshukuru, akamwambia kwa mia tano hataweza. Mwenye duka hakupandisha. Mama akatoa cherehani chumbani akaiweka barazani, upande wa njia. Hakubadilisha kitu kingine. Watu wakawa wanapita wanaona mwanamke mzima ameinama juu ya mkono wa nguo usiozidi kidole gumba, anachana karatasi chini ya mshono kwa ncha ya sindano. Watoto ndio waliosimama kwanza, kisha mama zao. Akaacha kuuza kipande kimojakimoja, akatengeneza seti: gauni, sketi na sweta la soksi, shilingi 3,500.

Seti moja ni dakika 110 na vifaa vya shilingi 450. Zinabaki 3,050, zaidi ya shilingi 1,600 kwa saa. Juni iliyopita ziliuzwa seti tisa, jumla shilingi 31,500. Sitaki kumdanganya mtu: hiyo haijarudisha oda ya masweta, na kuna wiki nzima inapita bila mteja. Wapo wanaopiga bei, wakaambiwa hapana, wakaondoka. Mchango wa shule ulilipwa kwa mafungu. Lakini zile saa ambazo hakuzishona kwa 420 alizitumia kufuma kofia za watoto wachanga, ambazo kwa baridi yetu zinatoka.

Naandika haya kwa sababu nawajua wasomaji wa jarida hili. Hosteli zetu zimejaa viwanda visivyo na mabango: huyu anasuka nywele kitandani, yule anafuma vikoi vya vikombe, mwingine anakaanga vitumbua saa kumi na moja alfajiri. Wote tunapanga bei kwa kuangalia ukubwa wa kitu na kumwogopa mteja. Chukua simu, washa saa, jipime mara tano. Andika dakika kwenye daftari kabla hujaandika bei. Inawezekana ukaamua kuuza vilevile kwa bei ya chini kwa kuwa una shida, na hiyo ni haki yako. Ila utakuwa unajua umempunguzia nani, na kiasi gani.

Likizo hii mdogo wangu ameshona sketi yake ya kwanza peke yake, imepinda upande mmoja. Aliniletea niinunue, akasema elfu moja. Nikamuuliza amefikaje kwenye bei hiyo. Akanitazama kama mtu asiyeelewa kitu. "Nilianza katuni ilipoanza," akasema, "nikamaliza wali umeshaiva."