Lori Hilo Lazima Lipite Kibumba

Rumangabo

Mpwa wangu mpenzi,

Picha zako zimefika. Nimeliona boksi la lori ambalo baba yako mdogo amekuletea kutoka Liège, la Italeri, kipimo cha 1/24, na nimeona umeshaanza kukata vipande kwenye fito zake. Mama yako alilalamika kwenye simu kwamba mpira umeuacha, kutwa umeinama juu ya meza. Nikamwambia akuache. Mimi niliyekula kwa jasho la pistole ya rangi katika magereji ya Goma sina ubavu wa kumgombeza kijana aliyependa kazi hiyo. Ila umeniuliza ununue rangi gani, na kabla ya kukujibu hilo ninayo mengine ya kukuambia.

La kwanza ni la hatari. Thina ya magari isilikaribie lori hilo. Plastiki yake ni polistirini, na thina ya gereji huila. Mistari ya milango, iliyo myembamba kuliko unywele, italainika na kufutika, na msasa hauwezi kuirudisha. Rangi nyingi za magari za makopo zimebeba sumu hiyohiyo ndani yake, kwa hiyo usidanganywe na rafiki mwenye kopo lililobaki. Tafuta akriliki inayochanganywa na maji. Ukikosa, chukua rangi ya mafuta inayolainishwa kwa tapentaini, lakini hiyo uipake nje, mbali na mbabula ya mkaa ya mama yako, na wadogo zako wasiwe karibu wakivuta harufu yake.

Kisha osha. Plastiki ile ilimiminwa moto kwenye kalibu ya chuma, na mara nyingi huja na utelezi wa mafuta ya kiwandani usioonekana kwa macho. Maji ya vuguvugu, sabuni, mswaki wa zamani, halafu uache ikauke kivulini. Mahali vipande viwili vinapoungana jaza mastiki kidogo, usugue kwa msasa laini wenye maji hadi ukipitisha ukucha usikwame. Hapo upake rangi ya msingi ya kijivu. Kijivu hakifichi kitu: kila mkwaruzo uliodhani umekwisha utauona. Wapaka rangi wengi hukasirika wakifika hapo. Wewe usikasirike, rudi kwenye msasa.

Sasa unene. Hapa ndipo kazi ya gari dogo inapoachana na kazi ya gari kubwa, nami ningependa ulishike vizuri. Chukua tabaka la rangi lenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwenye gari la kweli hilo ni jambo la kawaida. Kwenye lori lako la 1/24 ni sawa na kulipaka lori zima rangi ya unene wa zaidi ya milimita mbili. Boliti zote zitazama. Ndiyo maana rangi iwe nyepesi kama maziwa, tabaka la kwanza lionyeshe plastiki chini yake na usijali, la pili lifunike nusu, la tatu limalize. Kati ya tabaka na tabaka subiri mpaka imekauka kweli. Mvua hizi za huku kwetu zina unyevu unaozifanya vanishi nyingi kupauka, ziwe kama zimeingia ukungu, basi siku ya mawingu fanya kazi ya msasa na siku ya jua fanya ya rangi.

Vibandiko vya maji navyo vina sharti lao. Vikiwekwa juu ya rangi isiyong'aa, hewa hunaswa chini yake na pembeni panabaki weupe kama gamba la samaki. Tangulia na vanishi inayong'aa, bandika, ikauke, ndipo uje kuua mng'ao mwishoni. Lakini mpwa wangu, kwa nini lori lako libebe jina la kampuni ya usafirishaji ya Ulaya? Chukua brashi ya nywele chache, uandike mwenyewe juu ya kioo neno unalolitaka, kama madereva wa kwetu wanavyoandika.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Umeandika kwamba ukimaliza utalipaka "uchafu" kwa kufuata kijitabu. Kijitabu hicho kimechorwa na mtu asiyeijua barabara yetu. Lori la Goma lazima lichafuke kwa udongo wa Goma na Rutshuru.

Tulipopokea gari gerejini, kazi ya kwanza ilikuwa kuliosha, na mimi nilipenda kuinama nitazame chini ya madigadi. Udongo ulikuwa umejipanga humo tabaka kwa tabaka. Lori lililotoka Rutshuru lilikuwa na udongo wa kahawia ndani kabisa, umekauka na kushika. Juu yake ulikuwa umelala unga mweusi wa mawe ya volkano, umeshikwa mwishoni kabisa, kwenye kushuka kutoka Kibumba kuingia mjini Goma. Dereva hakuhitaji kuniambia ametoka wapi. Kwa hiyo nawe ufuate safari ileile: kahawia kwanza, ndani ya matao ya magurudumu na chini ya mbao za ubavuni, ikauke. Halafu nyeusi yenye ukijivu, hafifu, juu ya matairi na nyuma ya gari, kwa sababu magurudumu hurusha kwenda nyuma. Ukiupanga kinyume, utakuwa umechora lori linalopanda kutoka Goma. Hilo nalo ni sawa, mradi tu kwenye bodi pawe na mzigo wa mjini, saruji au mabati, siyo makabichi ya Kibumba.

Unga mweusi huna haja ya kuununua. Nenda Kibati, pale lava ya tarehe 22 Mei 2021 ilipoikata barabara, uokote mawe machache, uyaponde. Angalizo moja tu: chembe ya milimita moja ukiiweka kwenye lori hilo inakuwa kokoto ya karibu sentimita mbili na nusu. Chekecha kwa kitambaa kizito, unaopita ndio wako. Upake kwa brashi kavu, upulize uliozidi, kisha uunyunyizie vanishi isiyong'aa kwa mbali ili isiukokote.

Na usipake kila mahali. Vumbi halikai panaposhikwa. Kipini cha mlango ni kisafi. Kioo cha mbele kina nusu duara mbili za wiper, na pembe zilizobaki ndizo zenye vumbi. Ngazi anayopandia konvoyeri, msaidizi wa dereva, imekwanguka hadi chuma kinaonekana, na ncha za mlango wa nyuma hivyohivyo, maana hufungwa kwa kugongwa. Kaa kando ya barabara pale mtaani Majengo nusu saa na daftari. Ni shule ya bure.

Kuhusu kifaru unachotaka baadaye, sikukatazi. Ila nitasema ninachofikiri. Kipimo cha 1/35 kinachotumika sana kwa vifaru kimetokana na Tamiya, pale Shizuoka huko Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1960: walitaka betri zienee ndani ya kifaru ili kitembee, basi ukubwa ukaamuliwa na betri. Ni kazi ya akili, naiheshimu. Lakini sisi wa Rumangabo tumeishi na kambi ya jeshi na milio yake, na kila nyumba hapa ina mwaka iliokimbia. Ningefurahi zaidi kuona mikono yako ikijifunza kwa vitu vinavyowalisha watu wetu.

Kwa mfano, chukudu, kile kigari chetu cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo. Hao hao Tamiya walianza na mbao kabla ya kuhamia plastiki, basi usiidharau mbao. Chukudu ya mita mbili, kwa kipimo chako, ni kama sentimita nane. Ichonge kwa kipande cha mkaratusi, uiweke ubavuni mwa lori. Usiipake kahawia tupu. Mbao yake huanza manjano, jua na mvua vinaigeuza kijivu, na mahali pamoja tu hubaki palaini na pang'avu: kwenye usukani, kwa mikono. Ubaoni, pale dereva anapopiga goti akishuka kutoka Kibumba, kuna kipande cha mpira. Nyuma kuna kingine, cha tairi kuukuu, anachokikanyaga kibane gurudumu. Hiyo ndiyo breki. Sanamu ya chukudu pale Goma, iliyowekwa mwaka 2009, ni ya rangi ya dhahabu, na inastahili, kwa sababu ni heshima kwa wasukuma chukudu. Yako iwe na jasho lao.

Akriliki nunua nne tu: nyeupe, nyeusi, kahawia, na ile unayoitaka kwa kichwa cha lori. Ya kichwa uichanganye na nyeupe kidogo, maana kitu kidogo kikipakwa rangi kali ya gari la kweli huonekana kizito kupita kiasi.

Nitumie picha kabla ya vanishi ya mwisho. Uipige nje, mchana, upande wa gurudumu la nyuma, nione udongo umeupangaje. Breki ya chukudu ikikushinda, mpe mama yako aje nayo akija kututembelea, na usisahau kuweka kipande cha mpira cha kutosha, mimi huku sina chembamba.

Wasalimie wote nyumbani.

Mimi mjomba wako