Tambi Zisizo na Sukari

Mwezi wa tano Malindi hulala. Masika yamenyesha, Mto Sabaki umemwaga matope yake na bahari imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Hoteli nyingi zimefungwa. Nilikuwa nimetoka Nairobi kumwona mamangu, nikapita mbele ya mkahawa wa Kiitaliano ambao tangu utotoni nimeujua kwa ukuta wake tu, mweupe na mrefu. Nje palikuwa na ubao wa chaki: chakula cha mchana, tambi, samaki na kahawa, shilingi 1,200.

Nilisoma mara mbili. Usiku, pesa hizo hapo hazinunui hata samaki peke yake. Na mshahara wa mwandishi wa habari, tusidanganyane, huja ukipenda. Lakini 1,200 nilikuwa nayo, tena mara mbili.

"Mama, vaa buibui twende tukale."

Lazima nieleze kwa nini nilikazana. Mamangu alifua na kupika katika nyumba ya Waitaliano kwa miaka 11. Karo yangu ya shule ilitoka kwenye sosi ya nyanya. Kiitaliano chake ni cha amri tupu: lava, stira, butta la pasta. Fua, piga pasi, tia tambi majini. Nyumbani kwetu tambi ni kitu kingine kabisa. Hukaangwa, zikapikwa kwa sukari, iliki na tui, na tukazila Ramadhani.

Waitaliano hawakuletwa huku na jua pekee. Miaka ya 1960 walijenga kituo cha kurushia roketi baharini, kule Ngomeni kaskazini ya mji. Mwaka 1967 setilaiti yao iliruka kutoka hapo, na tarehe 12 Desemba 1970 ikaruka nyingine, ya Wamarekani, iliyopewa jina Uhuru kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake. Baadaye wakaja watalii, majumba na mikahawa. Wengi wetu tuliingia humo kwa mlango wa nyuma, tumevaa aproni.

Mlangoni askari akatusimamisha. "Mwamtafuta nani?"

Hakuwa na ubaya. Ni swali alilozoea kuwauliza watu wa sura zetu. Nikamwonyesha ubao. "Twaja kula." Akautazama kana kwamba ndio kwanza anauona, kisha akatufungulia. Miaka yote nilidhani kilichotuweka nje ni bei. Kumbe hata bei iliposhuka, bado kulikuwa na swali mlangoni.

Ndani, meza nyingi zilikuwa tupu, ndipo nikaielewa ile 1,200. Gesi inawaka na wapishi wanalipwa, wateja wawepo wasiwepo. Unga na nyanya si ghali. Pesa hupatikana usiku, kwenye mvinyo. Tena huko Italia kwenyewe mfanyakazi kula mchana kwa bei moja iliyopangwa ni jambo la kawaida, na wana jina lake: pranzo di lavoro, yaani chakula cha mchana cha watu wa kazi. Basi pale mezani, mtu aliyestahili zaidi alikuwa mamangu.

Tambi zikaja. Akasema Bismillahi, akashika uma, akauzungusha taratibu pembeni mwa sahani. Hakuangusha hata uzi mmoja. Mimi, msomi wa chuo kikuu, sosi ilikuwa tayari kifuani.

"Mama, umejifunza wapi?"

"Miaka yote ile nawatazama, nisijue?"

"Kwani hukuwahi kula nao?"

"Nilikula," akasema. "Jikoni. Nimesimama."

Sikupata la kujibu. Tukala nguru wa kuchoma, mkavu kidogo pembeni lakini mtamu, wenye ndimu na mafuta ya zeituni. Tulipomaliza, nikamwona anapanga sahani, ndogo juu ya kubwa, uma na visu juu yake. Kijana anayetuhudumia akaja mbio. "Wacha mama, hiyo ni kazi yangu."

Mama akavuta mikono yake, akaipakata. Kwa muda hakujua aiweke wapi. Halafu kahawa ikaja, akashika kikombe.

Njiani nilingoja anisifie. Sitaficha: nusu ya ule mlo nilimlipia yeye, nusu nilijilipia mimi, nipate kusema nimempeleka.

"Samaki mzuri," akasema mwishowe. "Lakini ile sosi ina haraka. Nyanya zataka saa nzima, moto mdogo."

Tukatembea kidogo.

"Bei yao si mbaya, lakini. Siku nyingine tuje na mamako mdogo. Na yule askari akiniuliza tena, nitamjibu mwenyewe."