Ile Bolti Haikutoka kwa Dakika Moja

Nianze na kukiri. Ile video yangu ya bolti, ile iliyofanya wengi wenu mnifuate, ni uongo. Si ati nilibadilisha gari ama nilitumia bolti nyingine. Kila kitu mlichoona kilifanyika. Shida ni vile ambavyo hamkuona.

Video ilikuwa sekunde 58. Kazi yenyewe ilianza Jumatatu ikaisha Ijumaa.

Kwa wageni: niko Ngaremara, kaunti ya Isiolo. Ukitoka Isiolo mjini kwa barabara ya A2 ukielekea Archers Post, unatupita hapo katikati. Lami ni safi hadi Moyale, lakini sisi hatuishi juu ya lami. Ukiiacha tu barabara kuu ni mchanga, mawe na malaga, na mvua ikinyesha malaga hayo yanakuwa mito. Mjomba wangu ana Toyota Corolla 110, namba ya KAU, gari iliyotengenezwa kabla sijazaliwa. Inabeba watu na mizigo kwenda mjini, na mara moja kwa mwezi inampeleka nyanya kliniki ya presha. Hiyo gari ni mkate wetu, kwa kifupi.

Ikaanza kugonga nyuma. Ukipita tuta, gudu. Ukipita shimo, gudu gudu. Tairi moja la nyuma likaanza kuliwa upande wa ndani. Nikaingia chini na tochi ya simu nikaona bushi za mikono ya nyuma zimekwisha kabisa, mpira umepasuka.

Nieleze kidogo, kwa sababu kila kitu kinategemea hapa. Mkono ni kile chuma kirefu kinachoshika gurudumu lisiyumbe kwenda nje au ndani. Kila mwisho wa mkono kuna bushi, na bushi ni mpira uliozunguka kibomba cha chuma. Bolti inapita ndani ya hicho kibomba. Kikumbuke hicho kibomba, tutarudi kwake.

Fundi wa mjini alimtajia mjomba bei ya kazi. Mimi nikasema, "Mjomba, wacha hiyo pesa inunue mikono mipya. Kufungua nitafungua mwenyewe. Kesho jioni gari iko barabarani." Kliniki ya nyanya ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa na siku za kutosha, ama ndivyo nilivyodhani. Tena nilishasoma uhandisi wa mitambo chuo kikuu miaka miwili kabla karo haijaniangusha. Nilipita vizuri karatasi ya nguvu za chuma bila kushika spana hata siku moja.

Jumatatu asubuhi nikasimamisha simu juu ya debe, nikabonyeza kurekodi, nikaanza.

Kosa la kwanza lilikuwa spana. Nilichukua ringi namba 17 yenye pembe kumi na mbili ndani. Kichwa cha bolti kina pembe sita. Kwa bolti safi hakuna noma. Lakini kwa bolti iliyoliwa na kutu, zile pembe kumi na mbili zinashika nchani tu, na ukisukuma kwa nguvu zinateleza na kulamba kona zote. Soketi ya pembe sita inabana kuta, na ndiyo unataka. Hilo nililijua baadaye.

Kosa la pili lilikuwa paipu. Spana ilipokataa, nikavisha paipu ya maji kwa mkono wake ili iwe ndefu, nikaning'inia nayo. Maze, kuna ile sauti, krrak, halafu mwili wote unasonga na unadhani umeshinda. Nikaangalia. Bolti iko palepale, kichwa kimekuwa duara kama kifungo cha shati.

Hiyo hamkuiona.

Mlichoona ni sehemu iliyofuata: nilipiga soketi namba 16 kwa nyundo mpaka ikakaa kwa nguvu juu ya kile kichwa kilicholiwa ili kukishika, halafu nati ya upande wa pili ikaachia. Nikapiga kelele. Nikageukia kamera nikasema, "Wasee, hivi ndivyo inafanywa." Sekunde ya 41 hadi 46 ya video.

Baada ya hapo kamera ilizimwa, kwa sababu nati ilitoka na bolti ikabaki. Nilipiga kwa nyundo mpaka mkono ukafa ganzi. Nikizungusha, inazunguka kidogo halafu inarudi, kama mlango wenye springi. Kibomba ndicho kilikuwa kinafanya hivyo. Bolti na kibomba zilikuwa zimeshikana kwa kutu zikawa kitu kimoja, kwa hiyo nilikuwa nazungusha mpira tu, na mpira unavutika halafu unarudi. Ningezungusha hadi Krismasi.

Jumanne jioni, badala ya gari kuwa barabarani, ilikuwa juu ya mawe bila gurudumu, na mjomba ameketi kando anaiangalia bila kusema kitu. Angenigombeza ningeona afadhali.

Akaenda kumwita mzee mmoja fundi, ambaye alianza kutengeneza malori ya njia hii kabla lami haijafika, wakati barabara ilikuwa mawimbi kama bati na springi zilikuwa zinavunjika kama kuni. Mzee alikuja, akachungulia, akaokota ile paipu yangu akaiweka mbali, pale mtoto huwekewa kisu.

"Ulikuwa unapigana na nani?" akaniuliza.

Nikamwambia bolti imeshika, mzee, na tena kichwa kimeisha.

"Hii haikushika leo," akasema. "Hii kutu haikuzaliwa Ngaremara."

Na ni kweli, fikiria. Isiolo ni kukavu. Lakini gari zetu nyingi tunazonunua zikiwa zimetumika zinatoka Japani, na sehemu za Japani zenye theluji barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi inaingia kwa kila kona ya chini. Halafu meli, halafu hewa ya bahari Mombasa. Kufikia hapa kwetu, kutu imeshapanda mbegu. Halafu sisi tunaongeza tope la laga kila msimu wa mvua. Kitu kingine ambacho darasani nilikisoma bila kukiona: kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndani ya kibomba hakuna pa kupanukia, kwa hiyo inabana. Miaka ishirini ya kubana, na mimi nilikuja na asubuhi moja.

Mzee hakugusa spana siku hiyo. Alichukua brashi ya waya akasugua hesi mpaka zikang'aa. Akachanganya dizeli na mafuta kidogo ya breki, akamwagia pande zote mbili, mbali na mpira wa breki. Akagonga bolti na nyundo ndogo, pole pole, tok tok tok, si ya kuitoa, ya kuitikisa ili mafuta yaingie. Halafu akanawa mikono.

"Kesho," akasema.

Nilikasirika, siwezi danganya. Nilitaka kufunga hiyo video.

Jumatano alirudi akarudia yaleyale, halafu akajaribu kuzungusha. Na hakuanza kwa kufungua, alianza kwa kukaza kidogo. Unaikaza nywele moja, kutu inavunjika, ndipo unarudi nyuma. Ukisikia imeshika unakaza tena. Mbele, nyuma, mafuta, mbele, nyuma. Bolti ya upande wa kulia ilitoka hivyo, bila kelele. Alinipa mkononi. Ilikuwa na rangi ya chungwa kama udongo wa hapa.

Ya kushoto, ile niliyoiharibu kichwa, ilikataa. Hapo akasema tukate. Grenda ya jamaa wa kuchomelea haikutosha kuingia pale kati ya bushi na nyumba ya bering, kwa hiyo tukatumia uwembe wa msumeno wa chuma peke yake, umefungwa kitambaa upande mmoja uwe mshikio. Bolti za hapo ni chuma kigumu. Tulipokezana, yeye, mimi na mjomba. Tulimaliza nyembe mbili na vidole vyangu viwili vikachubuka. Kipande kilichobaki katikati kilitaka moto ndipo kitoke, na kabla ya moto mzee alifuta dizeli yote, akafungua mpira wa breki akausogeza, akaangalia tangi ya petroli iko wapi, akaweka mtungi wa maji na ndoo ya mchanga kando. Dakika ishirini za kujitayarisha kwa moto wa dakika tatu.

Hiyo pia hamkuiona. Nilirekodi moto tu, kwa sababu moto ni mtamu kwa macho.

Alhamisi asubuhi gari ilikuwa bado juu ya mawe. Nyanya alivaa nguo yake ya kliniki, akajifunga leso, akatoka akatuangalia sisi na vyuma vyetu. Hakuuliza. Mjomba akaita bodaboda. Yule mama ana magoti mabovu. Alipandishwa nyuma ya pikipiki, akashika mabega ya kijana asiyemjua, wakaondoka na jua likipanda, malori ya Moyale yakiwapita kando. Alirudi salama saa tisa mchana, akaketi kivulini akasema amechoka. Basi.

Kama ningemwita mzee Jumatatu, nyanya angeenda kwa gari. Ni hesabu rahisi tu.

Siku hiyo nilienda mjini kutafuta bolti mpya. Muuzaji wa kwanza alinipa bolti yenye urefu sawa, unene sawa, bei ya chini. Kichwani haikuwa na namba. Mzee alikuwa ameshaniambia: bolti ya kushika gurudumu si ya kushika mlango wa choo. Angalia kichwa, kama haijaandikwa 10.9, rudisha. Nilizunguka maduka matatu.

Ijumaa tulifunga. Akapaka grisi kwenye mwili wa bolti pale inapopita ndani ya kibomba, ili fundi atakayekuja baada ya miaka kumi asitutukane. Halafu akanionyesha kitu sijawahi kuona kwa video yoyote, zangu zikiwemo. Hakukaza mwisho gari ikiwa juu. Alishika nati tu, tukarudisha gurudumu, tukashusha gari ikasimama kwa uzito wake, ndipo akaingia chini akakaza. Ukikaza gurudumu likining'inia, mpira wa bushi unafungwa ukiwa mahali si pake. Gari ikishuka unajipinda, na unaishi umejipinda hivyo mpaka upasuke mapema. Kesho yake mjomba alipeleka gari Isiolo kunyooshwa magurudumu. Gudu ikaisha.

Mimi nikakata siku tano zikawa sekunde 58. Soketi, paipu, nati, moto, gari inaondoka. Muziki juu. Ikaenda mbali kuliko kitu chochote nimewahi kuposti.

Wiki tatu baadaye nikapata ujumbe kutoka kwa kijana wa Merti. Ana gari kama ya mjomba. Alifuata video yangu. Alivisha paipu, akavuta, na gari ikaruka kutoka kwa jeki ikaanguka. Alikuwa ameketi kando, mguu mmoja umeingia chini. Aliuvuta kwa wakati, kiatu kikabaki. Alinitumia picha ya kile kiatu.

Hakuwa na hasira. Aliniuliza tu: "Bro, wewe ulifanyaje isianguke?"

Gari yetu haikuanguka kwa sababu haikuwa juu ya jeki. Mjomba alikuwa ameweka mawe makubwa na vipande vya gogo chini ya chesi kabla sijaanza, akaisukuma kwa bega kuona kama inayumba. Ilichukua nusu saa. Nilirekodi, halafu nikakata, kwa sababu nani ataangalia mzee akipanga mawe?

Nimekaa na hicho kiatu kwa simu yangu siku nyingi.

Tunajua sisi wote hukata. Bila kukata hakuna video. Lakini nimegundua huwa tunakata kitu kilekile kila mara: kungoja, kukosea, na kupanga mawe. Tunabakisha nguvu na ushindi. Halafu mtu wa Merti anadhani nguvu ndiyo kazi.

Na si bolti tu. Mnajua ile hadithi yangu nyingine, "niliacha chuo nikaanza kutengeneza video, sasa niko sawa"? Hiyo pia ni sekunde 58. Nilikata karo iliyokosekana. Nilikata mwaka mzima nikilala kwa nyumba ya mama bila shilingi, na mjomba akinilipia bando kwa pesa ya ile Corolla. Kuna watu huniandikia ati wanataka kuacha chuo kama mimi. Tafadhali msinifuate hapo. Mimi sikuacha chuo, chuo kiliniponyoka, na mahali nilipo leo nimeshikiliwa na mawe ya watu wengine.

Ile video nimeitoa. Nimeweka nyingine, dakika 34. Kuna sehemu ndefu ya mjomba akipanga mawe na mimi nikiwa kimya. Kichwa cha bolti kinaonekana kikiisha, na sauti ya krrak imo. Wachache sana wameiangalia mpaka mwisho. Kijana wa Merti ni mmoja wao, na bolti yake ilitoka siku ya tatu.

Kama una bolti imeshika leo, mwagia mafuta, panga mawe, halafu uende ukalale. Na kama kuna mtu nyumbani anayeihitaji hiyo gari Alhamisi, mwambie ukweli Jumatatu.