Kwa Basi mpaka Moshi Bila Kubanana

Toka Dar es Salaam mpaka Moshi ni safari ya zaidi ya kilometa 500. Ukishapita Korogwe, tazama mkono wa kuume: milima ya Usambara, kisha, baada ya Mombo, milima ya Upare mpaka Mwanga. Lakini utaionaje, kama wewe u mnene, mkeo naye vilevile, na mtoto katikati yenu analia kwa kubanwa?

Basi, baba na mama, mkitaka kusafiri na watoto mwezi wa Desemba, anzeni kujipunguza mwezi wa Septemba. Si kwa kushinda na njaa. Acheni soda, chupa ya mililita 300 ina sukari ya vijiko vidogo vinane hivi. Ugali uwe mdogo, mboga ziwe nyingi. Pombe nayo hunenepesha, ingawa wanywaji hawapendi kuambiwa. Tembeeni nusu saa kila siku. Nusu kilo kwa juma yatosha, maana kila kilo inayopungua hulitua goti mzigo wa kilo nne hivi kwa kila hatua. Mwenye magoti mabovu atalijua hilo kwenye ngazi za basi. Mwenye ugonjwa wa sukari aulize kwanza zahanati.

Basi likisimama Korogwe watu wale, shukeni mtembee kidogo. Mtu akikaa saa nyingi, damu huweza kuganda mguuni, hasa aliye mnene. Mkipanda tena, mwekeni mtoto dirishani, upande wa kuume.