Gari la Makaratasi, Gari la Mlima

Juzi usiku, badala ya kulala, nilikaa jikoni nikisoma maisha ya gari la mtu nisiyemjua. Toyota Aygo nyekundu ya mwaka 2012, inauzwa Rotherham, hatua chache kutoka hapa Sheffield tunapoishi. Muuzaji aliweka picha nne na maneno machache. Sikuhitaji zaidi. Uingereza unachukua namba ya gari, unaiandika kwenye ukurasa wa serikali, bila kulipa, bila kujisajili, na gari linaanza kutoa siri zake lenyewe.

Mwaka 2015, kipimo cha kwanza, limepita. Mwaka uliofuata limefeli kwa sababu ya taa ya kumulika namba ya nyuma, balbu tu, likarudi siku hiyohiyo likapita. Mwaka mwingine tairi la mbele kushoto linakaribia kuisha. Mwaka wa korona lilitembea maili 900 na ushee, kwa hiyo mwenyewe alikuwa amejifungia ndani kama sisi sote. Kisha kutu imeanza kwenye bomba la breki la nyuma, kisha kutu imezidi, kisha bomba limebadilishwa. Na kila mwaka, pembeni, idadi ya maili, ikipanda taratibu na kwa adabu. Hakuna mwaka iliporudi nyuma.

Nilikolea. Nikaanza kuangalia magari ya majirani. Mke wangu aliposhuka kunywa maji akanikuta nasoma habari za gari la mwalimu wa mtoto wetu, akaniambia nina matatizo.

Kipimo chenyewe wanakiita MOT. Walikianzisha mwaka 1960, waziri wa uchukuzi akiwa Ernest Marples, na mwanzoni kilihusu magari ya miaka 10 kwenda juu. Sasa gari likifika miaka 3 linapimwa kila mwaka mpaka life. Gereji haziruhusiwi kutoza zaidi ya pauni 54.85 kwa gari la kawaida, na tangu walipoingiza matokeo kwenye kompyuta katikati ya miaka ya 2000, hakuna linalopotea. Nyumbani Tanzania na sisi tunayo stika ya usalama barabarani pale kwenye kioo cha mbele. Sitaizungumzia, mama anasoma hizi makala zangu.

Sasa, kilichoniudhi. Wiki hiyohiyo nikisoma maisha ya Aygo, kundi la familia la WhatsApp lilikuwa linawaka moto kwa ajili ya Vitz. Mdogo wangu wa kike ni muuguzi Lushoto, amechoka kupanda bodaboda na mvua, amejikusanyia pesa zake, anataka gari. Dalali wa Tanga akamtumia tangazo. Nalinakili lilivyo, maana ni fasihi: "Vitz namba D, nyeupe, injini haijaguswa, rangi ya kampuni, full AC, kadi orijino, mmiliki mama mtu mzima, wewe ni mafuta tu, bei inaongeleka."

Full AC. Lushoto. Mwezi wa saba watu wanavaa makoti mawili, na dalali anauza ubaridi.

Nikamwuliza mdogo wangu, imetembea kilomita ngapi? Akapiga picha dashibodi: 74,000. Gari la mwaka 2006. Nikamwuliza, unaamini? Akajibu, "Kaka, kwani nani anaangalia hiyo?" Na kweli, nani anaangalia? Tanzania nzima hakuna gari lililovuka kilomita 90,000. Sisi ndio taifa lenye magari yaliyopumzika kuliko yote duniani.

Kinachoniuma ni kwamba ile Vitz nayo ilikuwa na maisha yaliyoandikwa. Japani wana kipimo chao, shaken: gari jipya linapimwa likifika miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama yake huwa kubwa kiasi kwamba wengi wakiona kipimo kingine kinakaribia wanaona heri waliuze. Likifika mnadani anakuja mkaguzi na karatasi yenye mchoro wa bodi. Kila mkwaruzo una herufi na namba, kila kibonyeo kina alama yake, juu pembeni kuna daraja la gari zima, 4, 3.5, au R kwa lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Kilomita zimeandikwa. Yaani huyo mama mtu mzima wa Tanga alinunua gari lenye wasifu kamili kuliko wa kwangu. Halafu meli ikatia nanga Dar es Salaam, na wasifu ukaishia hapo. Kutoka bandarini gari linazaliwa upya, umri wake unaanza na herufi ya namba. Ni namba C? Limezeeka. D? Bado linadai. E? Huyo ana pesa. Ukimwambia mtu kwamba lenye namba E linaweza kuwa limetengenezwa mwaka mmoja na lile lenye namba C, anakuangalia kama unamwonea wivu.

Kitu pekee kilichobaki cha Japani ni sauti. Mjomba alipokuwa na Vitz yake ya kwanza, ukiwasha tu, kisichana fulani ndani ya dashibodi kinasema maneno marefu ya Kijapani, kwa heshima sana. Baadaye nikajua kinalalamika kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Bibi yetu, aliyekuwa amekaa nyuma na kikapu cha karoti, kila gari likiwashwa akawa anaitikia, "Marahaba, mwanangu." Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza. Redio nayo ilikuwa inaishia 90, kwa hiyo safari yote tulikuwa tunamsikiliza mjomba.

Watu wa huku huniuliza kwa nini nyumbani kila mtu anaendesha gari la aina moja. Waulizeni watu wa kodi. Injini isiyozidi sisi 1,000 haina ushuru wa bidhaa, ukivuka hapo mpaka 2,000 unalipa asilimia 5, zaidi ya hapo 10. Ushuru wa forodha asilimia 25, VAT 18 juu yake. Kisha uchakavu: gari likifika miaka 8 unaongezewa asilimia 15, likipita miaka 10 unaongezewa 30. Ukipiga hesabu zote kodi inasimama bega kwa bega na bei ya gari lenyewe, wakati mwingine inaipita. Kenya wao wamemaliza ubishi, gari lenye zaidi ya miaka 8 haliingii kabisa. Uganda ni miaka 15. Sisi tumeamua mzee aingie ila alipe. Mimi sijui kama ni busara au ni njaa ya mapato, na shemeji yangu aliye kwenye biashara ya magari tukianza kulijadili chakula kinapoa. Ila ndiyo sababu muuguzi wa Lushoto anatafuta Vitz ya silinda tatu na si kitu kingine.

Na hapa ndipo nilipocheka peke yangu usiku ule. Injini ya ile Aygo ya Rotherham, gari lililounganishwa Kolín, Jamhuri ya Cheki, ni 1KR-FE, sisi 998, silinda tatu, inayotumia cheni badala ya mkanda. Fungua boneti ya Vitz ya mwaka 2006 ya lita moja: 1KR-FE. Fungua Passo ya sisi elfu, hiyohiyo. Citroën C1 na Peugeot 107 zilizotoka kiwanda kimoja na Aygo, hiyohiyo. Mimi na mdogo wangu, yeye Lushoto, mimi Sheffield, tulikuwa tunakagua moyo mmoja. Wangu una faili la miaka yote. Wake una "haijaguswa".

Nikaandika kwenye kundi, kwa majivuno kidogo, nikiweka picha za ukurasa wa serikali. Mjomba akasoma. Mjomba ni dereva wa zamani, alishusha kabichi na karoti kwenda Dar kwa malori ambayo leo ni chuma chakavu, na kwake kitu chenye injini chini ya sisi 1,500 ni pikipiki yenye milango. Akajibu kwa sauti, ujumbe wa dakika nzima, nusu yake ni kukohoa: "Mgosi, hiyo karatasi inasema injini ni nzima?"

Nikarudi kuisoma. Haisemi.

MOT wanaangalia breki, taa, matairi, stelingi, kutu, mikanda, moshi unaotoka nyuma. Injini kama ina nguvu, klachi kama inashika, gia boksi kama inaingia sawasawa, hayo hayamo. Shida yao ni usalama wa barabara. Gari linaweza kupita kipimo asubuhi na kushindwa kupanda mchana.

Mjomba yeye kipimo chake ni kimoja na kiko palepale tangu nimezaliwa. Unalipeleka gari Mombo saa saba mchana, jua la Mombo likiwa limeiva. Mnapanda watu wanne wazima, si watoto, na gunia la kitu chochote kwenye buti. Unawasha hiyo full AC yao. Kisha unapanda. Mombo iko mita mia nne na kitu juu ya bahari, Lushoto inakaribia 1,400, na kati yake kuna kilomita 33 hivi za kona ambazo ukuta uko upande mmoja na upande wa pili hakuna kitu. Kadiri unavyopanda hewa inapungua, na injini ya kawaida isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita elfu, kwa hiyo Vitz inaanza safari na nguvu chache na inazidi kunyang'anywa njiani. Husimami mpaka Soni. Pale darajani, karibu na maporomoko, unaacha injini inanguruma, unashuka, unasikiliza, unanusa.

Mengi yanajulikana hapo. Kama gasketi ya silinda hedi imekwisha, mshale wa joto umeshapanda kabla hujaona maji ya Soni. Kama kuna fundi aliyeng'oa thamostati ili gari lisichemshe, utaona joto halikai mahali pamoja. Kama inakula oili, anayefuata nyuma yako ameshaona moshi wa bluu. Kama kuna mjanja amechomoa balbu ya taa ya cheki injini, mlima hauhitaji taa. Na kushuka je? Kushuka ndiko mjomba anamkagua dereva: ukiliachia gari fri ili kuokoa mafuta, hapandi tena na wewe. Gia ya chini, mguu mbali na breki, na mkifika Mombo anashika rimu kwa mgongo wa kiganja. Ikimchoma, anazungumza na dalali kuhusu bei.

Nyumbani nilikuwa nayaonea haya mambo haya. Naomba niseme wazi kwamba bado naona haya kidogo. Nchi yenye kompyuta bandarini haipaswi kutegemea kiganja cha mzee. Lakini Jumamosi nilipokwenda Rotherham, mstaafu mwenye Aygo akanifungulia faili la risiti mpaka za wipa, akaniuliza kama bima yangu inaruhusu kujaribu, akapendekeza tuzunguke mtaa mara moja. Nikamwomba tuende Jenkin Road. Wanaoijua Sheffield wanaijua: ni ile walikopandishwa waendesha baiskeli wa Tour de France mwaka 2014, mtaa wa nyumba za kawaida uliosimama wima mpaka wameweka vyuma vya kushikilia kwa watembea kwa miguu. Nikawapakia mke wangu na mtoto nyuma, mzee mbele. Akaniuliza kwa upole mkubwa kama tunatarajia kuhamia huko juu.

Katikati ya mlima nilikanyaga mafuta, injini ikapiga kelele zaidi, gari likabaki na mwendo uleule. Klachi inateleza. Silaumu kiwanda, klachi ni kitu cha kuisha na gari lina miaka yake. Kipimo cha MOT kilikuwa cha mwezi uliopita na kilikuwa safi, hakuna hata onyo moja. Mzee wa watu hakuwa anajua. Kwake ni tambarare mpaka dukani. Tulikubaliana bei mpya pale pale juu, upepo unapiga, na nimelinunua.

Niliposimulia kwenye kundi, mjomba hakuandika kitu. Alituma picha ya rejeta.

Kwa hiyo msimamo wangu kuhusu Vitz ya Tanga uko hivi. Namba ya chesisi tunayo, na wapo wanaolipwa kuitafuta karatasi ya mnada ya Japani kwa namba hiyo. Haipatikani kila mara, ila nimeshalipia, tusubiri kama kilomita 74,000 zitakuwa na mbele yake 1. Nimewaambia pia gari lipimwe kwa kompyuta kabla ya kuguswa na mtu. Mjomba anasema huko ni kupoteza hela, apewe Jumamosi moja tu na lita kumi za mafuta.

Dalali amekubali kulileta Mombo, kwa sharti mafuta yawe ya mnunuzi. Mdogo wangu amekubali. Abiria wanne wazima ndio mgogoro: shemeji amesema ana uzito wa kutosha kuhesabiwa wawili, mama anataka kwenda kwa sababu ana wifi yake Soni, na mjomba amekataa katakata kukaa nyuma.