Subiri Nifunge Vifungo

Sehemu chache za Kenya hupigwa picha kama Kericho na Bomet. Maharusi hutoka Nairobi na Kisumu kuja kusimama katikati ya michai, na wasafiri husimamisha gari kando ya barabara wapate kile kijani kinachopanda na kushuka vilima hadi macho yachoke. Mchuma chai akitokea katika picha hizo huwa yuko mbali, kapu mgongoni, uso umefunikwa na kofia.

Mimi hupiga picha mjini Kericho: za pasipoti, za mahafali, za harusi. Jioni nikifunga duka, verandani hufika watu wanaolala pale, kwa sababu mvua ya huku haimsubiri mtu ajipange. Mji umewapa wote jina moja: chokoraa. Mtoto aliyetoroka kipigo, mzee, mgonjwa, mama mwenye kichanga, wote wameingizwa humo, na jina hilo likishatamkwa hakuna anayeuliza zaidi. Sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini. Hesabu hiyo ina kazi yake serikalini, lakini haimwambii mwenye duka anayemwaga maji verandani alfajiri kwamba aliyelala hapo ana ufundi na ana ndugu.

Nilipomwomba mzee mmoja nimpige picha, aliniuliza, "Ni ya kuweka Facebook ndio watu watume pesa kwa namba yako?" Lilikuwa swali la haki. Tumeona watu wakipigwa picha wakiwa usingizini, namba ya M-Pesa ikawekwa chini ya picha, na mwenye uso hana habari. Nikamwambia picha ya kwanza ni yake, akitaka aichane. "Basi subiri nifunge vifungo, kijana," akasema. Kifungo cha juu kilikuwa kimeng'oka, akaishika kola kwa mkono isifunguke. Hapo ndipo nilipouona ule mkono. Ngozi ya kidole gumba na ya cha shahada ilikuwa imekakamaa na kupasuka mipasuko myembamba ya zamani. Ni mkono uliovunja majani mawili na chipukizi miaka nenda miaka rudi. Mvivu hana mkono kama huo.

Ningeweza kusogea hadi makunyanzi yajaze picha yote, nikaondoa rangi, nikaacha macho tu yang'ae. Picha za namna hiyo za watu wasio na makao zinasifiwa sana duniani. Sizitaki. Picha ya huruma na picha ya dharau zinafanana kwa jambo moja: zimeshaamua mtu ni nani kabla hajafungua kinywa. Mwaka 1936, katika kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, California, mpigapicha Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja, kibarua wa shamba kama hawa wetu. Picha ikazunguka dunia, mama akabaki bila jina zaidi ya miaka 40. Alipotambulika mwaka 1978, Florence Owens Thompson alisema kwa uchungu kwamba hakuulizwa jina lake na hakupata hata senti.

Mzee nikamuuliza niandike nini chini ya picha. Akajibu niandike kazi: mchuma chai. Kulala nje, alisema, ni jambo lililomkuta.

Na limewakuta wengi kwa njia ile ile. Tangu mashamba makubwa yaanze huku miaka ya 1920, nyumba za laini, yaani za wafanyakazi shambani, hufuata kazi. Kazi ikiisha, kwa uzee, kwa ugonjwa au kwa mashine, ufunguo unarudishwa. Mwenye shamba kwao anakwenda kwao. Asiye nalo anakwenda wapi? Kuna waliochomewa nyumba na kufukuzwa katika ghasia za baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa 2008. Kuna Watalai, ukoo wa Wakipsigis, ambao sheria ya kikoloni ya 1934 iliwang'oa hapa na kuwapeleka Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Waliporudi karibu na uhuru, wengi hawakuwa tena na ardhi ya kurudia.

Kwa idhini yake nimeitundika picha dukani, kati ya maharusi, fremu ile ile na ukubwa ule ule. Wateja wanaosubiri pasipoti huitazama. Mama mmoja muuza mboga aliisogelea, akashika mdomo. "Huyu tulikaa naye laini moja! Ndiye aliyekuwa akitutengenezea redio Jumapili." Alikuwa akimpita pale verandani kila siku. Akatoka nje akamwita kwa jina la kifungua mimba wake, "Baba Kiprono!", kisha akaanza kumgombeza kwa nini hajatuma habari kwa watu wake Bomet.

Nyumba bado hana. Wenye uwezo wa kuamua mfanyakazi wa zamani wa chai atalala wapi wako kwenye kampuni na kwenye kaunti. Hao ningependa waje dukani wamtazame, kisha watoke verandani wamuulize mwenyewe.