Makala Isiyo na Sura

Alhamisi, 3 Aprili 2025

Wameifuta. Nimefungua simu baada ya alasiri, watoto bado wanapita njiani na nguo zao za sikukuu, nikakuta juu ya makala ya Bi kwenye Wikipedia pamebaki patupu. Jina lipo, mwaka wa kuzaliwa upo, nyimbo zipo. Sura hakuna.

Sikushangaa. Nimeumia tu. Picha ile naijua tangu udogo wangu: Bi kasimama jukwaani, mkono mmoja kwenye kipaza sauti, mwengine kauinua juu, pete zinang'aa, na nyuma yake mpiga fidla kainamisha kichwa kama hataki kuonekana. Ya mwaka 1988. Hakuna nyumba ya watu wa taarabu niliyoingia nisiione.

Aliyeipakia ni kijana wetu, yule aliyeiandika makala. Penye jina la mwenye kazi kaandika "mimi mwenyewe". Mwaka huo hata mama yake hajaolewa. Wakabidhi wa Commons, ghala la picha za Wikipedia, hawakuhangaika: wamefungua taarifa zilizomo ndani ya faili, wakakuta herufi nne, FBMD. Facebook ndiyo huzibandika. Basi imekwisha, picha imetoka mtandaoni, haikutoka kwenye kamera ya mtu.

Sijajibu ujumbe wake. Usiku huu sina maneno.

Ijumaa, 4 Aprili

Kapiga mwenyewe. "Dada, si mtu wetu? Na Bi mwenyewe karidhia, nilimuuliza!"

Namwamini kwamba alimuuliza. Lakini Bi hana la kuridhia hapo. Mwenye picha ni aliyeipiga. Nimemweleza taratibu, na nilisikia kabisa anavyolikataa moyoni. Wengi wanalikataa. Wanajiuliza, vipi uso wangu uwe mali ya mtu mwengine? Uso ni wako, hakuna aliyeuchukua. Ila yule aliyesimama pembeni ya jukwaa usiku kucha, akachagua mwanga, akangoja mkono uinuke, na yeye kafanya kazi. Sheria ya hakimiliki ya Zanzibar ya 2003 inamjua, ya Bara ya 1999 inamjua. Sisi tu ndio hatutaki kumjua.

Akaja na hoja nyengine: mbona Wikipedia ya Kiingereza imejaa picha zenye hakimiliki? Imejaa kweli. Majalada ya santuri, mabango ya filamu, watu waliokwisha kufa. Walio hai, hapana. Bodi ya Wikimedia, shirika lenye Wikipedia, ilishapitisha azimio tarehe 23 Machi 2007: kila Wikipedia inaweza kujiwekea utaratibu wake wa kuazima picha zisizo huru, lakini si pale ambapo picha huru inaweza kupatikana, na mfano waliouweka ni huohuo, picha za watu mashuhuri walio hai, karibu zote. Mtu yupo, anapumua, nendeni mkampige picha.

Nendeni mkampige. Kwa wenzetu ni rahisi. Kuna kundi la WikiPortraits, walikuwepo kwenye tamasha la filamu la Sundance 2024, waigizaji wanapita mmoja mmoja mbele ya kamera zao, kisha picha zipo Commons. Hapa nani anafunga safari mpaka Makunduchi kumpiga picha mzee wa ngoma? Nani anampa nauli?

Kijana kanuna. Namtakia usingizi mwema hivyohivyo.

Jumatatu, 7 Aprili

Siku ya Karume, hakuna kazi. Mvua tangu alfajiri. Nimekaa na kompyuta nikipitia makala za viongozi wetu wa Afrika, siangalii maandishi, naangalia chini ya picha tu, nani kapiga.

Jibu linachoma. Wizara ya nje ya Marekani. Ikulu ya Marekani. Serikali ya Uingereza. Kremlin. Na si kwamba wao ni wakarimu kuliko sisi. Wameamua jambo moja dogo tu. Picha aliyoipiga mtumishi wa serikali kuu ya Marekani kazini mwake haina hakimiliki kwao. Waingereza wana leseni yao ya wazi ya serikali. Kremlin wanaandika kwenye tovuti yao kwamba ukitaja chanzo, chukua. Kwa hiyo rais wa kwetu akienda ugenini akapeana mkono, tunapata picha yake. Akirudi nyumbani akafungua skuli, akatembelea kijiji, akacheka na watu wake, hatupati. Nyuma ya kichwa chake kuna bendera ya wenyeji kila mara. Dunia inatuona tukiwa wageni wa watu.

Na Abdulrazak Gurnah, mwandishi wetu wa Nobel! Mtoto wa Unguja. Picha yake huru inayojulikana ilipigwa Hebron, Palestina, Mei 2009, kwenye tamasha la fasihi la PalFest. Wenye tamasha waliiweka na leseni ya Creative Commons, hawakujua kwamba tarehe 7 Oktoba 2021 dunia nzima itamtafuta huyu mtu. Ni PalFest waliotustiri. Ninawashukuru kutoka moyoni. Lakini najiuliza, mara ngapi alikuja nyumbani, na wangapi walimpiga picha, na zile zimekwenda wapi?

Zimekwenda WhatsApp. Hakuna jina, hakuna leseni, hakuna kitu.

Jumatano, 9 Aprili

Nimempata. Yupo hai, alhamdulillahi. Mzee mwenyewe aliyeipiga ile picha ya Bi. Anakaa Ng'ambo, nyumba ya nyuma, mlango umefura kwa mvua mpaka mjukuu kausukuma kwa bega.

"Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, karibu ndani." Chai ya tangawizi. Sikusema lililonileta mpaka alipouliza.

Kaingia chumbani, katoka na bahasha za kaki. Ndani mikanda imekatwa vipande vipande, kila bahasha imeandikwa kwa penseli: harusi ya fulani, Mwaka Kogwa, Mapinduzi. Anajua pa kushika. Mikononi mwake ule mkanda hauguswi ila kwenye kingo. Kautafuta wa Bi, kauinua dirishani. Nikainama kutazama. Nywele nyeupe, meno meusi, ule mkono ulioinuliwa mweusi kwenye anga jeupe. Ukucha wake ukaenda moja kwa moja kwenye kidonda kidogo cha chumvi pembeni: "Hapa bahari imeingia. Nilijichelewesha kuusafisha."

Nikamwambia yote. Kasikiliza vizuri, halafu maswali yakaanza.

"Wataandika jina langu?"

Wataandika.

"Na mtu akitaka kuichapisha kwenye kalenda akauza?"

Ataruhusiwa, ila naye aandike jina lako.

"Hanilipi?"

Halipi.

Kanyamaza. Mvua tu. Kisha akaanza kunihesabia, bila hasira: majalada ya kaseti, mabango ya maonyesho, ukuta wa hoteli moja, gazeti lililoikata nusu likamtupa mpiga fidla. Hakuna aliyemlipa. Hakuna aliyemuuliza. Jina lake halijachapishwa chini ya picha ile hata siku moja. Watu wanalijua jina la Ranchhod Oza, wana haki ya kulijua, studio yake, Capital Art Studio, ipo Mji Mkongwe tangu 1930. Yeye hakuwa na duka. Alikuwa na baiskeli na kamera.

"Basi hii sitaki, mwanangu. Usinielewe vibaya."

Nimemuelewa. Naandika haya na koo bado limekaba.

Alhamisi, 10 Aprili

Kijana anauliza: tumuombe ruhusa ya Wikipedia peke yake?

Haikubaliki. Jimmy Wales wa Wikipedia aliufunga mlango huo tangu 2005, wa "kwa Wikipedia tu" na wa "si kwa biashara". Na sababu naiona ni ya haki. Makala zetu zinanakiliwa na skuli, zinachapishwa vitabuni, zinasomwa kwenye simu zisizo na mtandao. Anayezichukua asije akakuta mtego ndani yake. Kinachoingia humu kiwe cha kila mtu, au kisiingie.

Akasema tuigeuze, kulia iwe kushoto. Tuichore. Nikamwambia mchoro uliotoka kwenye picha ile ni mtoto wa picha ile. Akasema basi akili mnemba itutengenezee Bi mwengine.

Hapo nilipandisha sauti. Mtu yu hai, tunajua nyumba yake, halafu tumtengenezee uso ambao hajawahi kuwa nao, tuuweke kwenye kamusi elezo watoto wa skuli wausome kama ukweli? Bora patupu. Mara mia patupu.

Tumepatana kabla ya kukata simu. Ni kijana mwema, na makala ile kaiandika vizuri kuliko wengi wetu.

Jumamosi, 12 Aprili

Kwa Bi. Kalala kidogo mchana, tukangoja barazani. Katoka kajitanda kanga, kanikumbatia, harufu ya asmini na dawa ya kuchua. Sauti imekwenda chini lakini ipo, ipo kabisa. Akiita mtu jikoni unasikia ile pumzi ya jukwaani.

Nikamwambia tunataka kumpiga picha mpya.

"Hivi nilivyo?"

Hivi ulivyo, Bi.

"Meno yamekwenda. Nimekuwa kijiti. Mnataka dunia inione hivi, na ile nzuri mnayo?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sasa usiku bado sina. Azimio lile linasema mtu aliye hai anaweza kupigwa picha. Halisemi kitu juu ya mtu aliye hai anayesema hapana. Na lina ukatili mmoja ambao walioliandika nadhani hawakuukusudia: maadamu Bi anapumua, tunaruhusiwa uzee wake tu. Siku akiondoka, Mungu aiweke mbali, Wikipedia ya Kiingereza itaturuhusu kuuazima ujana wake. Sitaki kuingoja siku hiyo. Sitaki hata kuifikiria.

Nimeondoka bila kupiga chochote. Simu ilibaki mkobani muda wote.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo ndiyo tarehe aliyofariki Bi Kidude, mwaka 2013. Redio inapiga nyimbo zake. Alipigwa picha na dunia nzima yule, baada ya ile tuzo ya WOMEX ya 2005 hata zaidi, akiwa mzee, mikunjo yote, sigara mkononi, na hakuna aliyesema si mzuri. Lakini yeye alitaka. Mpaka upo hapo hasa.

Halafu jioni, simu. Mzee wa mikanda!

Kumbe mjukuu wake anakaa jirani na Bi, habari imefika. Anasema: "Yule nilimpiga ana miaka thelathini na kitu. Nitampiga tena." Kamera ya mwanawe, ya kidijitali, anaijua kidogo.

Nimekwenda saa hiyohiyo, magharibi ilinikuta njiani. Barua ya ruhusa ya Commons nimemsomea kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Jina lake kamili. Kwamba picha ni yake. Leseni ipi. Kwamba yeyote anaweza kuitumia, kuibadilisha, hata kwa biashara, na kwamba hawezi kuirudisha akishaitoa. Hapo alinisimamisha, akataka nirudie. Nikarudia. Kakaa kimya muda mrefu, anapangusa lenzi kwa ncha ya shati.

"Hii mpya, sawa. Natoa mwenyewe. Ile, hapana."

Sikumuuliza kwa nini. Ile alinyang'anywa, tena na tena. Hii anatoa. Mtu ana haki ya kuiona tofauti hiyo hata kama leseni haiioni.

Na Bi? Nimempigia nikitetemeka. Kanyamaza, kisha: "Akija yeye, nitakaa. Yeye anaujua upande wangu."

Nimelia kidogo. Furaha tu.

Jumapili, 20 Aprili

Picha bado. Bi anataka gauni lake la buluu na lipo kwa fundi wa cherehani; mzee anataka mwanga wa saa kumi na moja jioni, na mawingu hayajakubali. Wapange wenyewe. Hakuna wa kuwaharakisha.

Leo asubuhi mtu mwengine, simjui, kaipakia tena ile ya 1988 kwa jina jengine. Nimeiombea ifutwe mimi mwenyewe, na nimeandika sababu: mpigaji yu hai, kaulizwa, kakataa. Tunaijaza kamusi elezo hii bure, kwa mapenzi, na ni mapenzi hayohayo yanayonikataza kuijaza kwa kazi ya mzee aliyesema hapana.

Mchana nimemaliza kuandika barua kwa ofisi ya habari ya serikali. Ukurasa mmoja, hauna maneno makubwa. Picha mnazozipiga kwa fedha za umma, za viongozi, za wasanii, za walimu, za wavuvi wanaopewa tuzo, ziwekeni mahali pa wazi, ziandikeni leseni inayomruhusu kila mtu kuzitumia, na chini ya kila moja liwepo jina la aliyeipiga. Kijana kaisoma, kasahihisha mahali pawili, kaongeza jina lake chini ya langu.

Kesho ofisi zimefungwa, Jumatatu ya Pasaka. Tunaipeleka Jumanne, kwa mkono.